Haiumi, Bwana

Plasta ilikatwa Jumatano asubuhi, kwa mkasi mkubwa wa kufaa kunyolea kondoo, na mguu ulipochomoza Nangila akageuka kutazama dirisha. Hakutaka mumewe amwone akishtuka. Goti la Walubengo, lile goti ambalo miaka minne mfululizo lilikuwa limewainua wakulima wa Kizungu kutoka vitini mwao, lilikuwa limebaki fundo tu kati ya mfupa na mfupa. Paja lilikuwa limenywea, ngozi imechujuka, na harufu ya wiki tisa ikajaa zahanati nzima.

"Usiogope," alisema dresa Wepukhulu, msaidizi wa daktari, huku akisukuma dirisha. "Yote hutoka hivi. Hata ya wazungu."

"Ya wazungu nayo hunuka?" Walubengo aliuliza.

"Kushinda hii."

Wakacheka wote watatu, hata Nangila, maana ilikuwa afadhali kucheka. Kisha Walubengo akauteremsha mguu, akasimama, na Nangila akaona mkono wake ukikamata ukingo wa meza mpaka vidole vikapauka. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Zahanati hiyo ilikuwa ya kiwanda cha mbao kando ya njia ya Plateau, maili chache nje ya Eldoret, na mwaka ulikuwa 1951. Mwenye kiwanda alikuwa mzungu aliyetoka vitani na cheo chake, naye alipenda kuitwa Kapteni hata na watu ambao hawakuwahi kushika bunduki. Kapteni alikuwa na mapenzi mawili tu duniani, misumeno yake na timu yake ya mazoezi ya viungo. Wanaume kumi na wawili waliovaa fulana nyeupe na suruali nyeupe waliruka farasi wa mbao aliyevishwa ngozi ya ng'ombe, wakapanda mabegani mwa wenzao mpaka wakawa mnara, wakapiga mapindu hewani. Walubengo, aliyejifunza kazi hiyo jeshini, ndiye aliyefunga onyesho. Alisimama kileleni mwa mnara, akajirusha, akapiga pindu juu ya farasi na kutua wima upande wa pili. Kila mwaka, siku ya Maonyesho mjini, watu walikuja na wake zao kumwona yeye. Mwezi wa Mei, katika mazoezi, nyasi zilikuwa bado na maji ya mvua. Alitua, mguu mmoja ukateleza, goti likaenda njia yake.

Kapteni aliingia bila kubisha, mbwa wake akimfuata, akauangalia mguu.

"Hii mguu gani? Hii mguu ya kuku."

"Itanona, Kapteni," alisema Walubengo, amesimama wima kama askari.

"Show iko mwisho ya mwezi ya tisa. Wiki moja mbele yake, daktari nakuja toka mjini angalia wewe. Yeye kisema mzima, wewe naruka. Yeye kisema bado, mimi natafuta mtu ingine. Na nyumba ni ya mtu ya timu. Wewe nasikia?"

"Nasikia, Kapteni."

Nangila alisikia zaidi yake. Wafanyakazi wengine wa kiwanda, mia mbili na ushei, walikaa Laini ya Chini, kwenye vibanda vya udongo karibu na mto, ambako ukungu ulilala mpaka saa nne. Watu wa timu walikaa Laini ya Mawe: nyumba kumi na mbili zenye mabati, sakafu ya simenti, dirisha la kioo na bomba la moshi. Nangila alikuwa amekaa huko chini kabla mumewe hajachaguliwa. Mtoto wao wa kwanza, Simeoni, alikohoa huko majira mawili ya mvua, ya tatu hakuyaona. Tryphosa, wa pili, alikuwa na miaka mitatu na kifua kile kile cha kaka yake, lakini alizaliwa juu ya simenti, na alikuwa hai. Nangila hakusomea udaktari. Alijua tu ni mtoto gani alilala wapi.

Walianza siku ile ile. Walubengo alichukua soksi yake ya jeshi, akaijaza mchanga, akaifunga kwenye kifundo cha mguu, akaketi kitini mlangoni.

"Hesabu," alimwambia mkewe.

Nangila akahesabu. Mguu ulipanda, ukatetemeka, ukashuka. Wiki ya kwanza walifika kumi. Wiki ya tatu walifika hamsini, na Tryphosa naye, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti na kipande cha kiazi mkononi, akawa amejua kuhesabu mpaka ishirini kwa kumsikiliza mama yake. Paja lilianza kurudi. Mtu aliyepita njiani angesema, huyu bwana anapona, na Nangila mwenyewe kuna siku alisema hivyo, akaenda kuchota maji akiimba.

Mchana Kapteni alikuwa amempa Walubengo kazi nyepesi, kufagia maranda chini ya misumeno pamoja na wanawake. Wanawake wa kiwanda hawakuwa na huruma ya bure.

"Bwana wa Mapindu, pitisha ufagio hapa!" alimwita mmoja, Jepkemboi, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa. "Ama unataka kuuruka?"

Walubengo alicheka nao, akafagia. Lakini akirudi nyumbani alikula, akaifunga soksi yake, akasema "hesabu" kwa sauti ambayo Nangila hakuipenda.

Kiprono alikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa Mnandi mwenye mabega mapana, na katika mnara yeye ndiye aliyembeba Walubengo juu kabisa. Miaka minne nyayo za mwenzake zilikuwa zimekaa mabegani mwake. Alileta mafuta ya kondoo kwenye kibuyu kidogo.

"Shemeji, hebu iwekee moto kidogo hii."

Nangila aliyapasha mafuta kwenye sufuria, Kiprono akachuchumaa, akakanda goti kwa vidole gumba, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Jumapili moja ya mwezi wa nane alishika mguu chini ya goti, akausukuma kidogo kando. Goti likaenda mahali ambapo goti haliendi. Wote watatu waliona.

"Hii goti inacheza," alisema Kiprono.

"Itakaza."

"Mafuta haikazi kitu, ndugu yangu. Ndani kumekatika. Mwambie daktari."

"Nimwambie nini?"

"Ya kwamba inauma."

Walubengo akamtazama. "Wewe ungesema?"

Kiprono aliendelea kukanda kwa muda. "Hapana," alisema mwishowe, na wote wawili wakatikisa vichwa kana kwamba wamekubaliana jambo la maana sana. Nangila alitamani kuwapiga na ile sufuria.

Lakini alijua wanachosema. Kwao Walubengo, kule Kimilili, mvulana aliletwa alfajiri kutoka mtoni, matope yakimkauka mwilini, akasimama uani kwa baba yake, akatahiriwa mbele ya ukoo mzima. Aliyepepesa kope aliimbiwa nyimbo za kejeli mpaka akaota mvi. Kwao Kiprono mambo yalikuwa yale yale kwa lugha nyingine. Walubengo alisimama mwaka 1934, na mama yake, Mama Selpha, alikuwa bado anaisimulia siku hiyo. Alipokuja kumwona mgonjwa, na ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, aliisimulia tena kwa wanawake wa Laini ya Mawe kabla hata hajaonja chai.

"Nzi alitua hapa," alisema, akionyesha chini ya jicho lake. "Kisu kinapita, nzi anatembea. Mtoto wangu hakumfukuza huyo nzi. Hakumfukuza!"

"Na sasa mguu vipi, Mama?" aliuliza jirani.

"Mguu ni nini? Mtu aliyesimama vile ataangushwa na mguu?"

Nangila alimimina chai. Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba kuanika nguo, akamkuta Walubengo amelala chini, kigoda kimepinduka kando yake. Alikuwa amejaribu kuruka kutoka kwenye kigoda, urefu wa magoti tu. Fulana ilikuwa mdomoni, ameing'ata.

"Baba Tryphosa. Inauma?"

Akaitoa fulana mdomoni kwanza. "Haiumi. Nimeteleza."

"Umeteleza juu ya nini? Hapa ni pakavu." Akachuchumaa, akashusha sauti. "Twende kwa daktari tukamwambie ukweli. Wakitufukuza, turudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Tuko ndugu wanne kwa ekari tatu. Watanipa kulima njia?"

"Basi twende Laini ya Chini. Watu wanaishi huko."

Walubengo akaketi. Alimpangusa mkewe udongo kwenye mkono ingawa ni yeye mwenyewe aliyekuwa amejaa udongo. "Huko chini nimezika mmoja," alisema. "Sitazika mwingine. Nishike nisimame."

Alimshika, akasimama. Nangila alianika nguo zilizobaki bila kuona anachoanika, na tangu siku hiyo hakusema tena habari ya kwenda kwa daktari.

Daktari alifika wiki moja kabla ya Maonyesho. Alikuwa mzungu mrefu, mpole, mwenye miwani na nyundo ndogo ya mpira, na alikuwa na tabia ya kupasha mikono yake joto kwa kuisugua kabla hajamgusa mgonjwa. Kapteni alisimama dirishani, Wepukhulu mezani na karatasi. Mama Selpha aliketi kwenye benchi la mlangoni, kwa maana hakuna aliyethubutu kumzuia. Nangila alikuwepo kwa sababu Tryphosa alikuwa ameanza kukohoa na dawa ya kifua ilitolewa chumba hicho hicho.

Daktari aliukunja mguu, akaunyoosha. Akabonyeza upande wa nje.

"Hapa iko uma?"

"Haiumi, Bwana."

Akabonyeza upande wa ndani, chini ya goti, pale pale ambapo Kiprono alikuwa ameshika. Tone la jasho lilitokea kwenye paji la uso wa Walubengo, likateremka mpaka kwenye nyusi, likakaa.

"Hapa?"

"Haiumi, Bwana."

"Mimi hapana polisi," alisema daktari kwa Kiswahili chake cha shambani. "Kama iko uma, sema tu. Mimi taandika."

"Haiumi."

Macho ya Walubengo yalikuwa ukutani, mahali pasipo na kitu. Nangila aliyajua macho hayo bila kuwahi kuyaona. Hayo ndiyo macho ya uani, ya nzi na kisu. Akamwona Mama Selpha mlangoni amenyoosha shingo, midomo imebana, amerudi Kimilili miaka kumi na saba nyuma. Na mtu yule alikuwa anafanya kazi kubwa kuliko pindu lolote, mbele ya watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyetakiwa kuijua.

Daktari hakuwa mjinga. Aliweka nyundo chini, akageuka.

"Wewe ndiyo mke yake?"

"Ndiyo, Bwana."

"Usiku yeye nalala? Au nalia na hii mguu?"

Nangila aliwaza mambo mengi kwa muda mfupi sana. Akimwambia ndiyo, hulia, huuma mto, basi atakuwa amemvua mumewe nguo mbele ya mama yake mzazi. Jambo la namna hiyo mwanamume hasamehe, na mama mkwe hasahau. Lakini hilo halikuwa lote, na Nangila hakujidanganya hata siku moja baadaye kwamba lilikuwa lote. Tryphosa alikohoa mapajani mwake. Akakumbuka bomba la moshi, na simenti, na dirisha la kioo ambalo alilipangusa kila Jumamosi kwa gazeti.

"Analala vizuri, Bwana," alisema. "Halii."

Daktari alimtazama kidogo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akachukua kalamu kutoka kwa Wepukhulu na kuandika mstari mmoja. Kapteni akapiga makofi mara moja, akatoka na mbwa wake. Nangila aliona aibu, na nyuma ya aibu, ambayo ilikuwa kubwa, aliona furaha.

Siku ya Maonyesho jua lilitoka mapema. Eldoret, ambayo wazee wa upande ule bado waliiita Sisibo, ilijaa magari na farasi na wanawake wa Kizungu wenye kofia za maua. Waafrika walisimama nyuma ya kamba, upande wa mazizi ya ng'ombe wa mashindano, na Mama Selpha alijipenyeza mpaka mbele kwa viwiko, akimvuta Nangila na mtoto. Alikuwa amevaa leso mpya. Kila aliyesimama karibu aliambiwa kwamba yule mwenye fulana, wa kumi na mbili, ni wa tumbo lake.

Bendi ilianza. Timu iliingia mbio, na Nangila alitazama mguu mmoja tu kati ya miguu ishirini na minne. Ulikuwa umefungwa bendeji chini ya suruali, imekazwa na Kiprono asubuhi kwa nguvu zake zote. Haukuchechemea. Waliruka farasi mmoja mmoja, kisha wawili wawili, na Walubengo hakuwekwa katika mizunguko hiyo. Kiprono alikuwa amewapanga wenzake kimya kimya ili mwenzao aruke mara moja tu. Wazungu hawakugundua. Mnara ukaanza kupanda, watano chini, watatu juu yao, halafu wawili, halafu Kiprono peke yake. Walubengo akapanda mwisho, mkono kwa mkono, bega kwa bega, mpaka akasimama juu ya Kiprono na kunyoosha mikono.

Ng'ombe mmoja alilia zizini.

Aliruka. Na Nangila, ambaye alikuwa ameliona pindu lile mara zaidi ya mia, hakuwahi kuliona likiwa zuri namna ile. Alizunguka juu ya farasi bila haraka, kana kwamba hewa ilikuwa yake, akafunguka, akashuka, akatua kwa miguu yote miwili. Nyuma ya kamba walisikia kitu kikilia, kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini.

Walubengo alibaki amesimama wima. Bendi, iliyokuwa imeagizwa kufunga hapo, ikaingia katika wimbo wa Mfalme, na wazungu wote wakasimama, kofia mikononi, na wanaume wa timu wakashuka na kukaza mikono mapajani. Walubengo naye alikaza. Mguu wa kulia ulikuwa umeelekea mbele. Wa kushoto, kuanzia goti kwenda chini, ulikuwa umeelekea kwenye mazizi. Alisimama hivyo wimbo mzima. Macho yalikuwa mbele, hayakupepesa.

Mama Selpha hakuutazama mguu, aliutazama uso. Akapiga kigelegele kirefu, cha kutoboa masikio, na wanawake wa kabila lake, Wabukusu, waliokuwa karibu wakampokea, mpaka wazungu wachache wakageuka kutazama, wakatabasamu. Wimbo ulipoisha, mwanawe alianguka ubavu bila sauti, na Kiprono akamdaka kabla kichwa hakijagusa nyasi.

"Ni uchovu," alisema Mama Selpha, kigelegele kikiwa bado mdomoni. "Ni uchovu tu. Nangila, ni uchovu, siyo?"

Hospitali ya mjini ilijaribu siku tano. Goti lilikuwa limetoka mahali pake kabisa na kukata mshipa wa damu nyuma, na damu haikufika tena chini. Siku ya tatu vidole vilikuwa vyeusi. Siku ya sita waliukata mguu juu ya goti. Mama Selpha aliomba apewe akauzike Kimilili. Aliambiwa umekwisha kuzikwa huko nyuma, na hakuna aliyeweza kumwonyesha ni wapi. Alirudi kwao na basi la asubuhi. Kabla ya kupanda alimshika Nangila mkono, akauachilia.

Nangila aliitwa ofisini kwa Kapteni. Kapteni hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema Walubengo alikuwa mtu mzuri sana, ya kwamba hajaona pindu kama lile hata ng'ambo, ya kwamba amesikitika. Kisha akasema nyumba inatakiwa Jumamosi. Kijana Kipkorir ameoa, naye ndiye wa kumi na mbili sasa.

"Kapteni, ameumia kwa kazi yako," alisema Nangila. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

Kapteni alifungua faili, akatoa karatasi moja, akamwita Wepukhulu aliyekuwa mlangoni. "Wewe somea yeye."

Wepukhulu alisoma huku akiitazama karatasi tu. Ilikuwa karatasi ya serikali, ya mtu aliyeumia kazini. Daktari alikuwa ameianza mwezi wa Mei, na nafasi ya chini ilikuwa imeachwa wazi mpaka siku ya kupimwa. Kama ingeandikwa kwamba goti halijapona, mwenye kazi angebanwa alipe fidia na amtunze mpaka apone. Ilikuwa imeandikwa amepona kabisa, hana maumivu, mke wake amethibitisha.

"Na Show?" aliuliza Nangila.

"Siku ya Show ni sikukuu, mama," alisema Wepukhulu polepole. "Haihesabiwi kazi. Inahesabiwa mchezo."

"Wewe ulijua hii karatasi iko?"

"Nilijua."

"Na siku ile ulikaa tu, na kalamu mkononi?"

Wepukhulu aliikunja karatasi vizuri, pembe kwa pembe. "Mimi ni mtu wa kwenu, Nangila. Ningemwambiaje mwanamume aseme inauma, na mama yake amekaa pale? Nilingoja wewe useme."

Hakuna neno lililowahi kumwingia Nangila kama hilo. Alisimama hapo ofisini, akageukia meza, na akafanya kitu pekee kilichobaki.

"Kapteni, nipe ule ufagio wake," alisema. "Wa maranda."

Walihama Jumamosi. Kiprono alibeba kitanda kichwani, akarudi kumbeba Walubengo mgongoni, akateremka naye polepole mpaka Laini ya Chini, kwa sababu njia ilikuwa na utelezi na magongo yalikuwa bado hayajazoeleka. Miaka minne alikuwa amembeba juu mbele za watu, na sasa watu walitoka milangoni kumtazama akimbeba chini. Jepkemboi wa kicheko kikubwa alikuwa ameshafagia kibanda na kukipaka samadi sakafuni, akaondoka kabla hawajafika ili wasilazimike kumshukuru.

Nangila alifagia chini ya misumeno kuanzia saa moja asubuhi. Kibanda sasa kilikuwa kwa jina lake, jambo ambalo karani alilichekea alipokuwa akiliandika. Walubengo alishinda kitandani na Tryphosa. Hakulalamika. Alimfundisha mtoto kuhesabu kupita ishirini, na mtoto alipofika thelathini na kitu, kikohozi kilimkata, akaanza upya. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeingia mapema, ukungu ukipanda kutoka mtoni na kukaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga.

Jumapili moja Nangila hakwenda kanisani. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, mlango wazi ili kupata mwanga, aliposikia mumewe akimwita. Hakumwita Mama Tryphosa. Alimwita kwa jina lake la usichana, kama alivyomwita kabla hawajaoana.

"Nangila."

Aligeuka. Walubengo alikuwa amelala chali, uso umelowa, na uso wenyewe ulikuwa umevunjika. Kope zilipepesa, kidevu kilitetemeka. Hakuwahi kumwona hivyo, hata alipozikwa Simeoni.

"Inauma," alisema.

Maharagwe yalimwagika. Miezi mitano alikuwa amelingoja neno hilo. Angelipata siku ile zahanati, angelichukua akakimbia nalo mpaka kwa daktari, kwa Kapteni, kwa serikali. Sasa hapakuwa na mtu duniani wa kumpelekea.

"Inauma wapi, baba?"

"Gotini." Akalia kwa sauti, mwanamume yule, na Tryphosa akaacha kukohoa ili amtazame. "La kushoto. Mungu wangu, linauma."

Nangila alitazama blanketi. Upande wa kulia liliinuka juu ya mguu mmoja. Upande wa kushoto lilikuwa limelala tambarare juu ya kitanda, halina kitu chini yake. Alitaka kumwambia, akashindwa. Alikuwa ameshamdanganyia mara moja, na hii ya pili aliona haimdhuru mtu.

Akaweka sufuria motoni. Kibuyu cha Kiprono kilikuwa na mafuta kidogo chini. Akayakung'uta yote, akayangoja yayeyuke, akaja nayo na kuketi ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo goti lingekuwa. Akajipaka viganjani, akaweka mikono juu ya blanketi.

"Ni hapa?"

"Chini kidogo," alisema Walubengo, amefumba macho.

Nangila akashusha mikono chini kidogo, akakanda.